Kuhesabu Maji ya Jaruba la Vitunguu kwa Beseni la Uvukizi

Wakulima wengi wanaotegemea mifereji humwagilia kwa zamu: siku ikifika, maji hufunguliwa, udongo uwe umekauka au la. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyahesabu maji yanayotoka jarubani kila siku, ili siku ya kumwagilia iamuliwe na hali ya udongo. Mfano wangu ni wa vitunguu vya kiangazi katika eneo kama Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambako jua ni kali na upepo hautulii.

Maji huondoka kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Jua na upepo huyavuta kutoka kwenye uso wa udongo, na mmea huyanyonya kwa mizizi na kuyatoa kama mvuke kupitia vitundu vya majani. Jumla ya njia hizo mbili nitaiita mvukizo. Miche ikiwa michanga, sehemu kubwa ya mvukizo hutoka kwenye udongo. Majani yanapoongezeka, mmea huchukua nafasi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuweka beseni. Beseni la Daraja A, aina ya kawaida ya kupimia uvukizi, lina kipenyo cha sentimita 121 hivi na kina cha sentimita 25, nalo hukaa juu ya fremu ya mbao, wazi na mbali na kivuli. Kila asubuhi, saa ileile, pima maji yameshuka milimita ngapi, na kama mvua imenyesha, jumlisha kiasi chake. Lifunike kwa wavu: msimu mmoja niliulaumu upepo kwa vipimo vikubwa ajabu, kumbe mbuzi walikuwa wakinywa humo alfajiri. Hata hivyo, wavu wenyewe hupunguza uvukizi kidogo.

Hatua ya pili ni kuzidisha kipimo hicho kwa kigezo cha beseni, yaani namba inayogeuza maji yaliyopotea besenini kuwa mvukizo wa nyasi fupi zilizonyweshwa vizuri, ambayo mara nyingi huwa karibu na 0.7. Mahali lilipo beseni pana uzito hapa. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hutumia nishati ya megajuli 2.45 hivi, kwa hiyo shamba la kijani hupoza hewa inayopita juu yake na kuitia unyevu, ilhali ardhi tupu huipasha joto. Beseni lililozungukwa na ardhi kavu hupoteza maji zaidi, na kigezo chake hushuka.

Hatua ya tatu, zidisha tena kwa kigezo cha zao, yaani namba inayolinganisha mvukizo wa zao lako na ule wa nyasi hizo. Kwa vitunguu vya kukausha, mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1998 unatoa 0.7 mwanzoni, 1.05 katikati ya msimu na 0.75 karibu na mavuno. Tuseme beseni limeshuka milimita 8 katikati ya msimu: 8 × 0.7 × 1.05 ni milimita 5.9.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni kujua ghala lako la maji, yaani udongo wenye mizizi, lina ukubwa gani. Udongo tifutifu wenye uwezo wa kuupatia mmea milimita 150 za maji kwa kila mita ya kina, ukiwa na mizizi ya sentimita 30, una milimita 45 tu. Kitunguu huanza kudhoofika baada ya kutumia takriban asilimia 30 ya akiba hiyo, yaani milimita 13.5.

Hatua ya tano, andika daftari: upungufu wa jana, ongeza mvukizo wa leo, toa mvua na maji uliyomwagilia. Kwa mvukizo wa milimita 5.9 kila siku, siku mbili zinafikisha 11.8, na ya tatu ingevuka mpaka wa 13.5; kwa hiyo mwagilia jioni ya siku ya pili. Milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba, hivyo jaruba la mita 2 kwa 3 linahitaji lita 71 hivi, au karibu lita 118 ikiwa asilimia 60 tu ya maji ndiyo hufika kwenye mizizi. Zamu ya siku saba, kwa udongo huu, humwacha mmea na kiu kwa siku kadhaa, kisha humimina maji mengi kwa mara moja, na yanayozidi upungufu huzama chini ya mizizi.

Mvuke hauondoki na chumvi. Ziwa Eyasi halina mto unaotoka, na uvukizi umeliacha na maji ya chumvi. Jaruba nalo huweza kwenda njia hiyohiyo. Ukiona utando mweupe wa chumvi juu ya matuta, mara mojamoja ongeza maji zaidi ya upungufu ulioandikwa, mradi udongo wa chini unapitisha maji, ili chumvi isukumwe chini ya sentimita 30 za mizizi.