Kupanga Madirisha Mapya ya Vioo vya Rangi katika Kanisa Kongwe la Tabora

Kabla ya kumwita mchoraji, kaa kanisani siku nzima. Chukua daftari, badilisha mabenchi kuanzia misa ya kwanza hadi jioni, na uandike kila saa mahali jua linapoangukia. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba; rudia zoezi hilo katika miezi yote miwili.

Dirisha la mashariki, nyuma ya altare, ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Saa moja na nusu asubuhi jua huingia moja kwa moja, na kioo cha rangi hafifu mahali hapo humfanya padre aonekane kama kivuli cheusi mbele ya waumini wanaofinya macho. Weka hapo buluu nzito na nyekundu iliyoiva, na rangi ya asali uipeleke upande wenye kivuli. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu michoro mingi tunayoiiga ilitungwa kwa ajili ya anga la mawingu la Ulaya kaskazini, ambako nuru hutafutwa. Kwetu nuru ni tele, na kazi ya kioo ni kuituliza. Kama nje kuna mwembe, usiukate. Punguza tu matawi yanayoweza kugonga kioo wakati wa upepo wa mvua, kwa maana dirisha lililo nyuma ya majani yanayotikisika hupata uhai ambao hakuna fundi awezaye kuuchora.

Fikirini pia hewa. Kioo cha rangi kilichofungwa chote hugeuza kanisa kuwa tanuri ifikapo Oktoba, kwa hiyo sehemu ya chini ya kila dirisha ibaki ya kufunguka, nayo ipangwe ndani ya mchoro tangu mwanzo.

Kuhusu ruhusa, Konstitusio ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963, inataka askofu apate ushauri wa tume ya sanaa takatifu. Na kama jengo limetangazwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Idara ya Mambo ya Kale ishirikishwe kabla ya tofali lolote kuguswa.

Pimeni kila dirisha peke yake, upana katika sehemu tatu na pembe kwa pembe, kwa sababu kuta za matofali ya kuchoma za zamani mara chache hutoa matundu mawili yaliyolingana. Kioo cha milimita 3 peke yake kina kilo 7.5 kwa mita moja ya mraba, bado vipande vya madini ya risasi vinavyounganisha vioo, na lehemu. Na kwa kuwa risasi ni laini na hulegea polepole kwa uzito wake, gawanyeni dirisha refu katika vipande vifupi vinavyoshikwa na nondo za kukingama. Fremu mpya za mbao ziwe za mninga, zitengwe na ukuta wenye unyevu na mchwa.

Katika kuchagua picha, msianze na majina ya wafadhili. Njia ya misafara iliyopita hapa, ambayo Mababa Weupe, wamisionari Wakatoliki, waliifuata hadi Ujiji mwaka 1879 na ambayo kabla yao iliwapitisha watumwa waliofungwa minyororo, inastahili dirisha lake.

Muulizeni fundi kama ana tanuri. Rangi halisi ya kuchorea kioo ina unga wa kioo na oksidi ya chuma, nayo huchomwa kwa zaidi ya nyuzi joto 600 hadi ishikamane na kioo. Rangi ya kupaka tu itabanduka. Agizeni sampuli moja yenye uso wa mtu, iwekeni dirishani, kisha mwitazame kutoka benchi la mwisho: mistari myembamba huliwa na nuru kali, na mtakatifu akabaki hana macho. Mistari ikipotea, inenepesheni kabla ya kusaini mkataba.

Mkataba huo utaje pia akiba ya kila rangi, vipande vyenye namba vinavyolingana na mchoro, vihifadhiwe parokiani pamoja na vioo vya zamani mlivyovitoa.