Namna ya Kukagua Pikipiki Kubwa ya Zamani Kabla ya Safari Ndefu Kutoka Mtwara

Pikipiki kubwa za safari, kama BMW R1150GS iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2004 au Honda Africa Twin ya zamani yenye injini ya cc 750, hazionekani mara nyingi huku kusini. Inapotokea moja inauzwa, bei yake huvutia kwa kuwa wanaoitaka ni wachache. Injini hizi ziliundwa kwenda mbali, na uzee peke yake si sababu ya kuikataa. Linalopaswa kumshughulisha mnunuzi ni kama itamfikisha Songea, zaidi ya kilomita 600 kupitia Masasi na Tunduru, katika njia ambayo maduka yake ya spea huuza vifaa vya bodaboda. Kila kifaa unachokigusa, jiulize: kikifa hapo katikati, ni fundi gani atakitengeneza, na kwa spea ipi?

Kabla ya kuuliza imetembea kilomita ngapi, uliza ilikuwa inalala wapi. Hewa ya bahari huku kwetu hula waya na viungio vya umeme kwa kasi kuliko barabara inavyokula injini, na pikipiki iliyokaa miaka minne bandani karibu na ufuko yaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyokimbia kilomita 120,000 huku ikimwagwa oili kwa wakati wake. Niliwahi kwenda Mikindani kukagua pikipiki ya aina hii iliyosoma kilomita 38,000 tu. Rangi ilikuwa inang'aa na kiti hakijachanika. Mwenye nayo, mtu wa makamo, akaniambia, "Kaka, hii haijachoka hata kidogo." Nilimwomba ruhusa, nikang'oa kiti na kuchomoa soketi moja ya waya iliyo karibu na betri: vipini vyake viwili vilikuwa vimeota unga wa kijani, na cha tatu kilibaki ndani ya soketi kwa kuwa kilikuwa kimekatika. Nilimwonyesha, naye alishangaa kwa dhati, kwa sababu hakuwahi kufungua hapo. Tangu siku hiyo huanza na soketi, kisha ndipo huangalia mengine.

Fika asubuhi, na umwombe muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye injini; ikiwa ina joto, omba kurudi siku nyingine, kwa maana injini baridi ndiyo inayosema kweli kuhusu betri, kompresheni na namna mafuta yanavyofika. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 kabla ya kuwasha, na injini ikishawaka na kuongezewa mwendo kidogo, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Isipopanda, alternata inayozalisha umeme au regaleta inayoudhibiti ina kasoro; ikivuka 15, regaleta inaunguza betri. Moshi wa bluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua, lakini usiihukumu vibaya BMW yenye silinda zilizolala pande mbili: ikilazwa kwenye stendi ya pembeni, oili kidogo hutambaa hadi silinda ya kushoto, na moshi wa dakika ya kwanza ni jambo la kawaida kwake.

Sehemu inayotaka subira zaidi ni mgongo wa nyuma wa pikipiki zinazoendeshwa kwa shafti badala ya cheni. Shafti ni neema katika vumbi letu, lakini beringi kubwa ya difu ya nyuma, yaani kisanduku cha gia kinachozungusha gurudumu la nyuma, kwenye R1150GS na kwenye R1200GS za mwanzo zilizoifuata, inajulikana kwa kufa, na ikifa njiani hakuna fundi wa kijijini atakayekuokoa. Isimamishe kwenye stendi ya kati, weka gia huru, shika tairi la nyuma kwa juu na kwa chini, kisha lisukume na kulivuta kwa zamu. Mlio au mchezo unaousikia waziwazi mikononi ni onyo. Lizungushe taratibu huku umeweka kidole kwenye kifuniko cha difu. Beringi inayochoka utaihisi kama mchanga unaosagwa. Pitisha kitambaa cheupe kati ya difu na rimu uone kama sili inavuja. Mwisho, mwombe muuzaji oili ya difu imwagwe mbele yako kama ina nati ya kumwagia. Rojo laini la kijivu kwenye sumaku ya nati halitishi, bali vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho vinatosha kukufanya uondoke, hata kama bei imeshuka nusu.

Klachi nayo ni ghali kwa namna yake, kwa kuwa kwenye BMW hizo ni kavu, haikai ndani ya oili, na kuifikia hulazimu kuitenganisha pikipiki katikati. Ijaribu kwenye mlima: ukitoka Masasi kupanda Newala, ingiza gia ya juu kidogo kisha ongeza mafuta. Injini ikipandisha mlio bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha.

Breki zinahitaji uangalifu, hasa kwenye baadhi ya R1150GS za mwishoni na R1200GS za kabla ya 2007, ambazo breki zake husaidiwa na pampu ya umeme. Utaisikia ikinguruma unapobana breki. Umeme ukikatika, breki hubaki lakini nguvu yake hupungua sana, na mimi kwa safari ya mbali napendelea ile isiyo na mfumo huo. Kwa R1200GS za mwanzo, kagua pia kidhibiti cha pampu ya mafuta kilichopo juu ya tanki, kwa kuwa maji hukaa hapo na kukiozesha, na pikipiki huzima ghafla. Beba cha akiba, ni kidogo na kinaingia mfukoni.

Tairi lina tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na zaidi ya miaka sita, libadilishe hata kama kashata zake bado zimesimama, na uagize kutoka Dar es Salaam mapema, kwani rimu ya mbele ya BMW hizi, ya inchi 19, hailingani na tairi za bodaboda.

Nambari ya fremu na ya injini zilingane na kadi, na umiliki uhamishiwe jina lako Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kufikiria kuvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji.

Kisha iendeshe hadi Mingoyo na kurudi, uipaki kwenye sakafu kavu, utandike boksi jeupe chini yake kuanzia injini hadi difu ili lionyeshe oili itakayodondoka, na uiache ilale hivyo. Zungumza bei asubuhi, boksi likiwa mkononi mwako.