Makro ya kurudisha eksisi ya A kwenye sifuri bila meza kurudi raundi zote (Fanuc)

Kama unachonga skrubu au shafti zenye mifereji ya kuzunguka kwenye eksisi ya nne (eksisi ya A, meza inayozungusha kazi) ya mashine ya CNC yenye kontrola ya Fanuc, hii unaijua: kazi imeisha, skrini inasoma A7200 (nyuzi, yaani digrii, 7200), programu inasema G90 G0 A0 (nenda sifuri) na meza inaanza kurudi nyuma raundi zote 20. Meza inayozunguka mara 10 kwa dakika inakula dakika 2 nzima hapo, pisi (vipande vya kazi) 30 ni saa zima limepotea na hakuna chuma kilichokatwa. Makro hii (programu ndogo inayoitwa na programu kuu) inaiambia kontrola (kompyuta ya mashine) kwamba 7200 na 0 ni sehemu ile ile, bila meza kusogea hata kidogo.

Wengi watakwambia washa tu rolova (hesabu inaanza upya sifuri kila ikifika 360) kwenye parameta 1008. Mimi sishauri kama programu zako zinatoka kwenye CAM (programu ya kompyuta inayoandika kodi za mashine), kwa sababu CAM nyingi huandika nyuzi kwa kujumlisha, A360, A720, A1080, sasa ukiwa na rolova kontrola inaona A720 ni sawa na 0, meza haizunguki huku X inaendelea kutembea na tuli (kifaa cha kukatia) imo ndani ya chuma. Pisi imekufa hiyo.

Hatua ya 1. Angalia kilichofungwa kwenye meza. Kama kuna hozi ya hewa, ya haidroliki au waya unaozunguka pamoja na fikscha (kishikilia pisi), makro hii usiitumie kabisa, lazima meza irudi raundi zilezile maana kontrola haijui kama hozi imejisokota mara 20. Chaki (taya za kubana pisi) ya kufunga kwa mkono haina shida.

Hatua ya 2. Programu za O9000 mara nyingi zimefungwa, kwa hiyo weka parameta 3202 biti 4 iwe 0, kisha andika:

```
O9020
G53
#1=#5044
#2=#1-ROUND[#1/360]*360
G90 G92 A#2
M99
```

#5044 ni namba ya A unayoiona kwenye skrini, ilimradi A ndiyo eksisi ya nne kwenye mashine yako. Ile G53 iliyokaa peke yake usiifute, inaizuia kontrola kusoma laini za mbele kabla meza haijasimama, bila hiyo unaweza kupata namba ya katikati ya safari. Halafu kuhusu ROUND, wapo wanaotumia FIX ila FIX inakata desimali tu, ukiwa kwenye 7550 inakuachia 350 na meza inarudi karibu raundi nzima, wakati ROUND inakupa -10. Kwa ROUND meza haitazidi nusu raundi, popote ilipo.

Hatua ya 3. Kwenye parameta 6080 weka namba ya M (amri itakayoita O9020) ambayo mtengenezaji wa mashine hajaitumia, tuseme 150, angalia kitabu cha mashine kwanza. Hutaki kugusa parameta? Ita kwa G65 P9020, ni kitu kilekile.

Hatua ya 4. Mwisho wa programu:

```
G91 G28 Z0
M150
G90 G0 A0
```

Z ipande kwanza, daima, pisi isije ikazungukia kwenye tuli. Breki ya meza iwe imefunguliwa (mashine nyingi ni M11). Na kama mwishoni kulikuwa na G91 G28 A0 itoe, kwa sababu G28 (amri ya kurudi nyumbani kwa mashine) inafuata hesabu ya mashine ambayo G92 (amri ya kuipa nafasi ya sasa namba mpya) haiigusi, kwa hiyo inaweza kurudi raundi zote kama zamani na utadhani makro ni mbovu.

Hatua ya 5. Jaribu bila pisi na bila tuli. Chora mstari wa maka unaovuka kutoka kwenye meza hadi kwenye bodi yake ukiwa A0, nenda MDI (hali ya kuandika amri chache kwa mkono), G91 G0 A1090, halafu M150. Skrini isome 10 na meza isitikisike. Sasa G90 G0 A0, irudi nyuzi 10 tu na mistari ikutane sawasawa. Rudia kwa 1430, hapo isome -10.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, sifuri yako haipotei, kwa sababu G92 hapa inasogeza hesabu kwa raundi kamili tu, kwa hiyo G54 hadi G59 (sifuri za pisi) zote zinabaki zinaangalia upande uleule wa pisi.