Jinsi ya kuandika riwaya ya mwanamke anayejipanga upya baada ya talaka

Usianzie kwenye ndoa yenyewe, wengi wanafika ukurasa wa 80 mume na mke bado wanagombana na msomaji kashachoka. Anza talaka ishatoka, mwanamke ana kitu kidogo cha kufanya leo, labda kutafuta chumba cha kupanga au kujibu meseji ya shule inayotaka sahihi ya wazazi wote wawili, hapo ndo maumivu yanaonekana bila wewe kuyataja. Ya nyuma yatoe kidogokidogo, kila kumbukumbu iamshwe na kitu anachokiona sasa hivi.

Mume asiwe shetani mtupu. Mpe hata tabia moja nzuri, manake huyu dada alimpenda kwa sababu fulani bana, ukimfanya mnyama basi dada naye anaonekana hana akili.

Pesa usiikwepe!! Andika pembeni anaingiza ngapi, kodi ngapi, nani anamdai, halafu kila uamuzi wake uendane na hizo hesabu. Mwanaume mpya? Mi ningemchelewesha, tena akija asije kumuokoa. Mwishoni acha jambo moja halijaisha, mfano kesi ya malezi ya watoto.