Kupima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja

Njia hii ya kujua kama namba inagawanyika kwa 7, 11 au 13 bila baki nimeipata kwa mwalimu wa tuisheni hapa Kondele, Kisumu. Namba ndefu ikikukabili, ikate tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu. Chukua 254,713,613: 613 − 713 + 254 = 154. Hiyo 154 inagawanyika kwa 7 na kwa 11 bila baki, kwa 13 inakataa. Namba nzima nayo ni vivyo hivyo. Siri ni 1,001, yaani 7 × 11 × 13: elfu moja imepungukiwa na moja tu, ndiyo maana alama zinapishana. Ukipata hasi, puuza alama. Sifuri? Zote tatu zinaingia. Kwa 17 au 19 haisaidii kitu, na ukikatia kushoto umejiharibia.