Kupima tunu za wafanyabiashara wa nchi mbili: mfano wa wachuuzi wa samaki Tanga na Mombasa

Ukitoka Tanga mjini ukavuka mpaka wa Horohoro, upande wa pili ni Lunga Lunga, na mbele yake Mombasa. Samaki wale wale, Kiswahili kile kile, nchi mbili. Kwa anayeanza kazi ya kupima tunu, yaani yale mambo ambayo mtu huyaona muhimu maishani, pa kujifunzia ni hapo.

Hatua ya 1: Chagua kipimo

Wengi hukimbilia alama za Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyelinganisha tamaduni za nchi. Zilitokana na fomu zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973. Hao walikuwa waajiriwa, si watu wa biashara zao. Tena Tanzania ilitiwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, likaitwa Afrika Mashariki. Sasa Tanga na Mombasa utazitofautishaje kwa namba moja?

Mimi natumia kipimo cha mwanasaikolojia Shalom Schwartz: tunu 10, zikiwemo kujitegemea, usalama, mafanikio, madaraka na mila. Msailiwa anasomewa maelezo mafupi ya mtu fulani, kisha anasema anafanana naye kiasi gani, kwa ngazi 6. Kuna fomu ya sentensi 40 na fupi ya 21. Sokoni beba fupi.

Hatua ya 2: Tafsiri, kisha uirudishe

Hapa ndipo penye kazi. Mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona fomu ya awali airudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Kiswahili kimetupunguzia jambo moja: Kiingereza kina fomu ya kiume na ya kike, sisi "anapenda" inatosha wote.

Lakini hata tafsiri iliyorudi safi ijaribu kwa watu. Tuliandika "ni muhimu kwake kuwa tajiri". Mchuuzi mmoja akanijibu, "Tajiri ninaye, ndiye mwenye boti." Kwake tajiri ni bosi! Tukabadili: "kuwa na mali na fedha nyingi". Nyingine ilisema "anafanya mambo kwa njia zake". Watu wakacheka, mtu mwenye njia zake ni mjanjamjanja. Ikawa "anapenda kubuni kitu kipya, hata kama wenzake hawajakijaribu".

Na usijitambulishe kwamba unapima maadili. Mtu ataona umekuja kumchunguza tabia.

Hatua ya 3: Linganisha wanaolingana

Mama wa ndoo kwa mama wa ndoo, mwenye friza kwa mwenye friza. Angalia pia umri, jinsia na miaka ya biashara. Usipofanya hivyo, utapima mtaji ukidhani umepima utamaduni. Vibali vya utafiti viwe mkononi mapema, kutoka tume za sayansi na teknolojia: COSTECH huku Tanzania, NACOSTI kule Kenya.

Hatua ya 4: Hoji

Nenda mzigo ukishauzwa. Samaki akiwa bado kwenye beseni, utajibiwa "ndiyo, ndiyo" ili uondoke. Ngazi 6 nazionyesha kwa vifuniko vya soda: sita ni "nafanana naye sana", kimoja ni "sifanani naye kabisa".

Hatua ya 5: Ondoa ukarimu wa majibu

Kuna mtu anayetoa alama za juu kwa kila kitu. Tafuta wastani wa majibu yake yote, kisha uutoe kwenye alama ya kila tunu. Mchuuzi wa kwanza ana wastani wa 5, kujitegemea kampa 5.5: inabaki 0.5. Wa pili ana wastani wa 3, kujitegemea kampa 4: inabaki 1. Aliyetoa alama ndogo ndiye anayeithamini zaidi tunu hiyo kuliko nyingine zake.

Hatua ya 6: Hakikisha sentensi zina uzito mmoja

Yaani sentensi moja ieleweke vile vile Tanga na Mombasa. Programu ya takwimu ya R ni ya bure na inaweza kazi hii. Kwa kipimo hiki tumia majibu ghafi, si yale ya hatua ya 5. Sentensi ikigoma, yaani ikieleweka tofauti upande mmoja, usilinganishe wastani kwanza; rudi ukaulize. Kwangu iligoma ya mila. Mama wa Tanga alifikiria unyago, wa Mombasa akafikiria dini. Ikabidi niiandike upya na kurudi barabarani na vifuniko vyangu.