Jaribu kurudisha bakapu kabla hujaihitaji
Jamani mnaosimamia mifumo ya ofisi, msiridhike na ule ujumbe wa "bakapu imekamilika" (bakapu ni nakala ya akiba ya data zenu). Chukua kompyuta nyingine iliyo tupu, rudisha databesi nzima, fungua programu, tafuta risiti ya jana uone kama ipo, na ushike saa kabisa ili bosi akiuliza mfumo unarudi lini uwe na jibu la kweli sio la kukisia. Sisi tulikuta mafaili yote yapo ila paswedi ya kuyafungua ilikuwa kwenye seva ileile iliyokufa, siku mbili watu wanaandika kwenye madaftari, iliniuma sana. Nakala ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo, na msiache diski ya bakapu imechomekwa kwenye kompyuta muda wote maana vile virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela vinaifuata hadi huko. Halafu kaeni na wahasibu muwaulize, tukipoteza kazi ya masaa mangapi mnaweza kuiingiza upya kwa mkono? Wakisema 4, basi bakapu ya usiku peke yake haitoshi, maana mfumo ukifa jioni mmepoteza kazi ya siku nzima. Paswedi na hatua za kurudisha ziprintiwe, na mtu wa pili awe nazo.